Oveni ya ukutani, jiko la kusimama au oveni ya mezani: ipi ikae jikoni kwako?

Jirani yangu hapa Kireka, pembeni mwa Kampala, anajenga jiko jipya. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu asubuhi, seremala akiwa amesimama nyuma yake na futi mkononi. "Dada, huyu fundi anataka jibu leo hii. Niache tundu la oveni kabatini au nisiache?" Nikamwomba asimjibu mpaka nifike, kwa sababu tundu la sentimita 56 kwa 60 likishakatwa kwenye kabati la mvule, uamuzi umeshapita. Ukibadili mawazo baadaye unabaki na dirisha la kuwekea sufuria.

Tulikunywa chai yake na kupiga hesabu mpaka saa sita mchana. Hapa naandika tuliyoyapima, pamoja na mambo niliyojifunza kwa miaka saba ya kuoka nyumbani, mengine kwa hasara.

Wanaokwama hapa kwetu huwa wako kati ya vitu vitatu: oveni ya umeme inayojengewa ndani ya kabati, jiko la kusimama lenye gesi juu na oveni chini, na oveni ndogo ya mezani. Tanuri za mkaa zinazochomelewa Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma Kampala, nimeziacha kando. Zinaoka mikate vizuri kabisa, ila hizo ni za mtu mwenye uwanja na biashara, na jikoni ndani ya nyumba hazina nafasi kwa sababu ya moshi wa mkaa.

Vigezo kwanza

Ukiingia dukani bila vigezo vyako, muuzaji atakupa vyake: rangi, kioo cheusi na idadi ya vitufe. Sisi tulishika vitano. Cha kwanza, inakula umeme au gesi kiasi gani, na inakuwaje umeme ukikatika keki ikiwa ndani. Cha pili, inataka mahali pa namna gani. Cha tatu, chakula kinatoka vipi. Cha nne, kuisafisha na kuitunza kunataka nini. Cha tano, ikiharibika, nani ataifungua na vipuri atavitoa wapi.

Bei ya dukani hatukuifanya kigezo. Inapanda na kushuka na dola, na kwa oveni ya ukutani bei ya kabati na ya kuvuta waya mpya inaweza kukushtua kuliko ya oveni yenyewe. Ulizia zote tatu kwa pamoja, siku moja.

Oveni ya ukutani

*Nishati.* Nyingi zinazoingia nchini ni za umeme. Za gesi zipo, lakini utazitafuta. Zinavuta kati ya wati 2,200 na 3,600. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa umeme wa volti 240 hiyo inabeba wati kama 3,100, si zaidi. Kwa hiyo fungua mlango wa oveni pale pale dukani, usome kibati kilichobandikwa pembeni. Ikizidi wati 3,000, inataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, breka yake na swichi yake. Kazi hiyo mpe fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme nchini, na kibali mwombe akuonyeshe. Waya wa kurefushia, ule wa kupeleka umeme kwenye televisheni, usifikirie hata kidogo.

Matumizi yanawatisha watu kuliko inavyostahili. Oveni ya wati 3,000 haili uniti tatu kwa saa, kwa sababu ikishafikia joto inazima na kuwaka kwa zamu. Saa moja kwenye nyuzi 180, pamoja na kuipasha, hula uniti moja hadi moja na nusu. Bei ya uniti majumbani hupangwa upya kila robo ya mwaka. Katikati ya 2025 ilikuwa shilingi 750 na kitu, kabla ya kodi ya asilimia 18, kwa hiyo keki moja inakula kama shilingi elfu moja za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Tena kuna bei ya mapishi: mwaka huo, kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 ndani ya mwezi mmoja, bei ilishuka hadi shilingi 412. Anayepika kwa umeme kila siku anaifikia ngazi hiyo. Anayeoka Jumapili tu haioni.

Kinachosumbua hasa ni umeme dhaifu. Nguvu ya oveni haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa kasi zaidi. Volti zikiwa 200 badala ya 240, oveni ya wati 3,000 inabaki na kama 2,080, yaani sehemu saba tu kati ya kumi. Ndiyo maana keki ile ile iliyoiva kwa dakika 40 saa nne asubuhi inakaa saa nzima ukiiweka saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umewasha. Utailaumu oveni bure. Oka mchana.

Umeme ukikatika keki ikiwa ndani, usifungue mlango. Hapa oveni ya ukutani ina faida, maana imezungushiwa pamba ya kuzuia joto na mlango wenye vioo viwili au vitatu. Keki iliyokwisha kupita theluthi mbili ya muda wake mara nyingi hujimalizia kwa joto lililobaki. Iliyoingia dakika kumi zilizopita, hiyo itakaa katikati kama bakuli.

*Mahali pake.* Tundu la kawaida ni upana wa sentimita 56, kina 55 na kimo karibu 60. Uso wa oveni, wenye 59.5, ndio unaofunika kingo. Lakini vipimo hivyo mpe seremala baada ya kununua oveni, ukiwa na kijitabu chake, kwa kuwa sentimita moja tu inatosha kuharibu kazi yote. Na mwambie jambo ambalo maseremala wetu hawapendi kulisikia: nyuma pasizibwe. Oveni inavuta hewa ya baridi chini na kuitoa mbele, juu ya mlango. Seremala wangu wa kwanza alikuwa msafi wa kazi, akaniziba tundu pande zote kama sanduku la nguo. Baada ya miezi mitano gundi ya ukingo iliyeyuka, ule utepe mweupe wa pembeni ukaanza kujikunja kama ganda la ndizi, na mbao za MDF (zile za unga wa mbao ulioshindiliwa) chini yake zikavimba.

Faida yake kubwa ni kimo. Trei inaingia usawa wa kifua, huinami, na mtoto anayetambaa hafikii kioo.

*Matokeo.* Iliyofungwa vizuri na yenye feni inaoka sawasawa kuliko hizo nyingine mbili, hasa ukiwa na trei mbili kwa mkupuo. Ila wengi hawapati matokeo hayo kwa sababu hawajui alama zilizo kwenye kitufe. Mstari wa juu na wa chini pamoja ni joto la kawaida: tumia kwa keki na mkate, trei moja, wavu wa katikati. Feni ndani ya duara ni joto la kuzungushwa: tumia kwa biskuti, sambusa za kuoka na trei mbili, na hapo punguza nyuzi 20 kwenye maelekezo ya mapishi. Mstari wenye meno ni grili, ya kubabua ngozi ya kuku au ngege aliyepakwa limau na kitunguu saumu. Gonja mbivu, zile ndizi ndefu za kuchoma, nazo zinapendeza kwenye feni, nyuzi 200, ukizigeuza mara moja.

Taa ya kupasha ikizima usikimbilie kuingiza keki. Hiyo inakuambia hewa imepata joto, kuta bado. Ngoja dakika kumi zaidi.

Halafu usiamini namba. Themostati nyingi hudanganya kwa nyuzi 10 au 20. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza kwenye wavu ndicho bora, lakini kama huna, tumia sukari, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 186. Tengeneza kibakuli cha foili, tia kijiko cha sukari, pasha oveni kwa 175, uiache ndani dakika 15. Ikiyeyuka, oveni yako ina joto kuliko inavyosema. Weka nyingine kwa 190. Isipoyeyuka, ina baridi. Andika tofauti kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati.

Jambo jingine ni mwinuko, ambalo maelekezo ya Ulaya hayakwambii. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 96 hivi. Kabale iko juu zaidi ya mita 1,800, huko ni kama 94. Hewa ikiwa nyepesi, mapovu ya beking pauda hupanuka haraka, keki inapanda kwa majivuno kisha inaanguka. Punguza sehemu moja ya nane ya kila kijiko cha beking pauda, ongeza vijiko viwili vya maziwa, panda nyuzi kama 10 juu. Kwa Kabale utapunguza zaidi. Hili linahusu oveni zote tatu, sitalirudia.

*Usafi na matunzo.* Hapa nitakaa kidogo, maana oveni ya ukutani inakulipa au inakutesa kulingana na unavyoitunza.

Kosa langu kubwa halikuwa la uchafu. Nilikuwa nikitoa keki tu, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani: tii, nimeokoa Yaka. Ule mlio wa feni unaoendelea baada ya kuzima nilidhani unanila uniti. Kumbe ni feni ya kupoza, inayolinda ubao wa vitufe dhidi ya joto lililobaki, na inatumia umeme mdogo mno. Baada ya miezi minane vitufe vikaacha kuitika. Fundi alipofungua alinionyesha ubao wenye doa la kahawia ukubwa wa shilingi mia. Zima oveni kwa kitufe chake, iache feni isimame yenyewe, ndiyo uguse ukuta.

Umeme ukikatika, fanya kinyume chake: zima ukutani, na ukirudi ngoja dakika tano, kwa kuwa volti za kwanza huja kwa fujo. Ukitaka kinga, nunua kifaa kinachobeba ampea za oveni. Vile vya friji vingi vimeandikwa ampea 5, oveni ya wati 3,000 inataka 12 na zaidi, na vikiunganishwa huungua.

Kusafisha, fanya ikiwa vuguvugu. Mafuta ya kuku yaliyoruka leo yanatoka kwa kitambaa cha maji ya sabuni leo, na ukiyaacha mpaka Jumamosi ijayo yatakuwa lami. Yaliyoganda yapake uji mzito wa beking soda na maji, yalale usiku kucha, asubuhi kwangua kwa mwiko wa plastiki, nyunyiza siki, futa. Usipake kwenye elementi (chuma kinachotoa joto) wala kwenye kuta zenye uso mkwaruzo kama msasa. Kuta hizo zina dawa ya kula mafuta zenyewe na hazitaki kusuguliwa. Kioo cha mlango kisiguswe na waya wa sufuria, maana mkwaruzo mdogo unaweza kukipasua siku kikipata joto.

Foili chini ya oveni, ile wengi tunayotandika ili kuzuia uchafu, itoe. Inarudisha joto kwenye elementi ya chini na kuunguza enameli. Weka trei tupu kwenye wavu wa chini, itadaka matone vizuri tu.

Raba ya mlango ipime kila baada ya miezi mitatu. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kivute. Kikitoka bila kubana, joto linatoka hapo, na litakuunguzia kabati kabla ya kukuchelewesha keki.

Zipo zinazojisafisha kwa kujichoma hadi nyuzi karibu 500, zikabaki na majivu tu. Ni raha, lakini zinakaa saa mbili au zaidi na kula uniti kadhaa, na moshi wake unataka madirisha wazi. Ukifuga ndege ndani mtoe nje kabisa siku hiyo. Nyumba inayokatikiwa umeme mara kwa mara isilipie kipengele hiki. Kukata katikati, mlango umejifunga na feni imesimama, ni kuiua oveni polepole.

*Fundi na vipuri.* Elementi, raba na taa hubadilishwa kwa urahisi, na fundi mzuri hupata elementi inayofanana hata kama si ya kampuni ile ile. Ubao wa vitufe ndio shida. Mara nyingi huagizwa kutoka nje, nawe unakaa miezi bila oveni. Ile yangu nilirudi dukani nilikoinunua, wakanizungusha tangu Machi mpaka Juni, mwisho nikapata ubao wa oveni iliyokufa kwa njia nyingine. Kwa hiyo kabla ya kulipa taja vitu vitatu, raba, elementi na ubao, kisha uliza vipo wapi leo. Jibu la "tutakuagizia" lisikilize vizuri. Na kati ya yenye vitufe vya kuzungusha na yenye kioo cha kugusa, kwa umeme wetu mimi nachukua ya kuzungusha bila kufikiri mara mbili.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyumba yake, anayeoka angalau mara mbili kwa wiki, mwenye nyaya mpya au uwezo wa kuzivuta, na mwenye mgongo usiotaka kuinama.

Jiko la kusimama lenye oveni chini

Hili ndilo utalikuta kwenye nyumba nyingi. Oveni yake inaweza kuwa ya umeme au ya gesi. Ya umeme tumeshaieleza kwa sehemu kubwa hapo juu, kwa hiyo hapa nazungumzia ya gesi.

*Nishati.* Kwa saa moja ya kuoka oveni ya gesi hula gramu kama 150 hadi 200. Gawanya bei ya mtungi wako kwa kilo zake, uone keki moja inakugharimu ngapi. Raha yake ni kwamba mtaa ukizimika wewe unaendelea. Tahadhari moja: majiko mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huja na tundu za kupitishia gesi zilizopimwa kwa gesi ya bomba, ambayo majumbani kwetu haipo. Moto ukiwa mrefu, wa njano na wenye kupaka sufuria masizi, tundu hizo hazijabadilishwa. Moto mzuri ni wa buluu na mfupi.

*Mahali pake.* Upana wa sentimita 50 au 60, unasukuma pale palipo wazi. Ila sakafu zetu! Nilioka keki za harusi ya mpwa wangu kwa jiko la shangazi huko Busia, zote zikatoka na mteremko, upande mmoja kimo cha vidole vinne, mwingine vitatu. Oveni haikuwa na kosa, miguu ya jiko ndiyo haikulingana. Weka sahani ya maji juu ya wavu, angalia maji yanakimbilia wapi, kisha zungusha miguu. Mtungi ukae nje ya ukuta kama inawezekana. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala sakafuni, kwa hiyo tundu la hewa linalosaidia ni la chini ya mlango na si la juu ya dirisha.

*Matokeo.* Gesi ikiungua hutoa mvuke, hivyo joto lake lina unyevu. Kuku habaki mkavu, mkate unapanda vizuri, lakini ngozi na maganda hayakauki kwa haraka. Moto uko chini peke yake, basi chini kunaungua wakati juu kungali kweupe. Dawa ni kuweka trei tupu kwenye wavu wa chini kabisa, tini ya keki ikae juu kidogo ya katikati, na kuigeuza mara moja baada ya theluthi mbili ya muda. Nyuzi za chini huwa hazishikiki, kwa hiyo vitu vya nyuzi 100, kama vile meringi ya ute wa yai na sukari, vitakutoa jasho.

*Usafi na matunzo.* Sakafu ya oveni nyingi hutoka, hivyo ioshe sinkini. Vitundu vya moto vizibue kwa sindano au pini, usitumie kijiti cha kiberiti, kitakatikia ndani. Mpira wa gesi una mwaka uliochapishwa juu yake. Ukipita, badilisha, hata kama unaonekana mzima. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio. Pakitoa mapovu, panavuja.

*Fundi na vipuri.* Hapa jiko la kusimama linapumua. Mafundi wa gesi wako kila mji, na vitufe, tundu, mipira na ule ncha unaohisi moto hupatikana kirahisi. Moto wa oveni ukizima kila unapoachia kitufe, mara nyingi ncha huo ndio mchafu au umekufa. Ni kazi ya nusu saa.

*Inamfaa nani.* Familia inayopika kwa gesi tayari, mtaa wa umeme wa kubahatisha, na mpangaji mwenye nafasi, kwa sababu siku ya kuhama linaondoka nawe.

Oveni ya mezani

Hii wengi wanaidharau, mimi siidharau. Nilianza nayo.

*Nishati.* Wati 1,500 hadi 2,000, soketi ya kawaida inatosha. Inapata joto kwa dakika saba au nane, na kwa sambusa kumi ni upuuzi kuwasha oveni kubwa.

*Mahali pake.* Mezani, sentimita 10 za hewa kila upande, na juu pasiwe na kabati. Mwili wake unaunguza. Usiitie ndani ya tundu lililokatwa kwa ajili ya oveni ya ukutani, hata ikiingia vizuri. Haikutengenezwa kufungiwa.

*Matokeo.* Elementi ziko karibu na chakula, kwa hiyo juu kunababuka kabla ya ndani kuiva. Funika keki na foili baada ya dakika 20, bila kugusa elementi. Tini ya sentimita 20 ndiyo saizi yake. Ukiweka kubwa inayoziba hewa pande zote, utapata kingo ngumu na katikati uji. Mlango hauna raba ya maana, joto linacheza. Kipimajoto hapa si anasa.

*Usafi na matunzo.* Toa trei ya makombo kila unapomaliza. Makombo yakirundikana chini ya elementi yanashika moto, sikutanii. Mengine ni kitambaa na maji ya sabuni.

*Fundi na vipuri.* Elementi na kitufe cha muda ndivyo hufa kwanza. Vyote ni vya bei ndogo, na fundi wa pasi na birika anaweza kuvibadilisha.

*Inamfaa nani.* Mpangaji wa vyumba viwili, mwanafunzi wa kuoka, na mtu ambaye hajajua bado kama kuoka ni mapenzi au ni hamu ya mwezi mmoja.

Kwa hali yako

Unajenga na kuta bado hazijapigwa plasta: hata kama huna hela ya oveni ya ukutani leo, pitisha waya wake sasa. Kupasua ukuta uliokwisha kupakwa rangi kuna gharama na vumbi lisilokwisha.

Umepanga: usikate kabati la mtu. Chagua kati ya hizo mbili nyingine kwa kuangalia ukubwa wa jiko na kama gesi unayo tayari.

Unauza keki: umeme hukatika Ijumaa jioni, oda ya kwanjula, sherehe ya utambulisho wa wachumba, ni Jumamosi asubuhi, na mteja hataki kusikia habari za transfoma. Uwe na njia mbili za moto. Ukiwa na ya ukutani, ile ndogo ya mezani haitakuokoa kwa sababu nayo ni ya umeme. Tafuta gesi ya pembeni. Ukiwa na ya gesi, ya mezani ni msaidizi mzuri wa biskuti na vitu vidogo.

Uko mbali na Kampala, na fundi wa karibu ni wa pikipiki: kadiri kifaa kilivyo na vitufe vichache ndivyo utakavyokaa nacho. Oveni ya ukutani isiyo na ubao wa umeme bado inafaa. Yenye skrini, ngoja kwanza.

Una wazee au watoto wadogo nyumbani: kimo cha oveni ya ukutani ni sababu tosha peke yake, kama nyaya zinaruhusu. Kwenye jiko la kusimama, hakikisha halipinduki mtoto akikanyaga mlango uliofunguliwa. Mengine huja na mnyororo wa kufunga ukutani, na mafundi huutupa na maboksi.

Tayari unayo ya ukutani na haikuridhishi: kabla ya kuwaza kuiuza, fanya jaribio la sukari, vuta karatasi kwenye raba, chungulia nyuma ya kabati kama pamezibwa. Wenzangu watatu walionilalamikia oveni zao, wote tulikuta tatizo kwenye mojawapo ya hayo.

Jirani yangu alipima mambo yake. Umeme wa mtaa wetu anaujua, na mwanawe wa mwisho ana mwaka mmoja. Seremala aliambiwa aache nafasi wazi ya sentimita 62 kati ya makabati, iliyoanzia sakafuni, kwa ajili ya jiko la kusimama lenye mnyororo. Na kwenye kabati refu la pembeni, usawa wa kifua, rafu mbili zimefungwa kwa skrubu badala ya gundi. Nyuma yake waya mnene umezibwa na kifuniko cheupe. Kwa sasa amepanga hapo mitungi ya sukari na unga.